Kanuni ya Kumi na Nne

Jumatatu, 8 Mei 2023
Leo Mbaabu ameniambia. Ati kuanzia mwezi ujao kurasa zote za maelezo zitakaguliwa na kompyuta. Amesema akiwa amesimama mlangoni, hakuketi. Mwenye habari njema huketi!

Kampuni ni yake. Programu yetu ya simu ni ya wafugaji, na ina kurasa mia moja arobaini na mbili za maelezo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hakuna hata moja iliyotoka bila mimi kuisoma na kuandika chini yake "sawa". Miaka mitatu sasa. Niliacha chaki Embu kwa ajili ya kazi hii.

Skripti yenyewe, yaani programu ndogo ya kukagua, ataiandika Hinda, yule binti anayekaa meza ya dirishani. Nikauliza, na mimi je? Mbaabu akasema, "Mwalimu, wewe utamwambia Hinda unaangalia nini ukisoma. Yote."

Yaani nimfundishe mrithi wangu. Chai imepoa, sijaimaliza.

Jumanne, 9 Mei
Tumekaa na Hinda tangu saa tatu. Nimetoa kanuni ishirini na saba. Kila ukurasa uwe na kichwa. Kila kiungo kifike kinakosema. "Gusa" ibaki "gusa", si huku "bonyeza" kule "finya". Kiswahili kisipungukiwe na hatua hata moja iliyo kwenye Kiingereza. Na ya kumi na nne: tarakimu zote zilingane katika lugha zote mbili. Hiyo niliitaja kwa madaha kidogo. Nikamwambia macho huchoka na tarakimu kabla hayajachoka na maneno.

"Hiyo mimi singeifikiria, Mwalimu," akasema, akaiandika.

Nilitaka nimchukie. Imenishinda.

Hapa Makutano, chini ya ofisi, kelele siku nzima — malori, honi, makanga wa matatu. Ama ni mimi tu. Nimeinuka kwenda dirishani mara ngapi, sijui.

Jumatano, 10 Mei
Hinda anaandika, mimi nangoja. Nimesoma ukurasa mmoja mara nne, sikumbuki ulihusu nini.

Alhamisi, 11 Mei
Imewashwa leo. Sekunde tisa! Kurasa zote. Mimi kazi hiyo hunichukua wiki mbili. Kijani, kijani, kijani, halafu nyekundu. Makosa sitini na matatu, na mengi ni upuuzi: viungo visivyofika popote, vichwa vilivyosahauliwa. Mbaabu akapiga makofi. Nami nikacheka, uso ukinichoma.

Kisha Hinda akageuza kompyuta upande wangu kidogo, Mbaabu asione. Kanuni ya kumi na nne.

Ukurasa wa kuchanganya dawa ya kupe. Kiingereza: mililita 20 za dawa kwa lita 10 za maji. Kiswahili: mililita 20 za dawa kwa lita 1. Sifuri imeanguka. Na chini yake: umekaguliwa, sawa, 14 Machi. Jina langu, Wambeti.

Dawa kali mara kumi.

Na namjua aliyeutumia. Simu niliipokea mimi mwenyewe, mwezi jana. Mzee mmoja wa Ruiri, Salesio. Alinyunyizia ng'ombe wake wawili, wakaanza kutoa povu na kutetemeka. Mmoja, mtamba, akafa kabla daktari wa mifugo hajafika. Hakupiga kelele. Alisema yeye hajui kusoma, aliyesoma na kuchanganya ni mkewe, Kiende. "Mama Kathure alisoma vibaya," alisema hivyo, akimwita kwa jina la mtoto wao, kama mtu anayeomba msamaha kwa niaba ya mwingine. Nami nikampa pole. Nikamshauri siku nyingine wasome polepole.

Polepole!

Nikaandika kwenye ripoti: kosa la mtumiaji. Nikafunga.

Ijumaa, 12 Mei
Nimemwambia Mbaabu asubuhi, kabla hajavua koti. Alisoma ukurasa mara mbili, akanywa maji, akasema nirekebishe sasa hivi. Nimerekebisha. Sifuri moja. Skripti ikaonyesha kijani, kana kwamba hakuna kilichowahi kutokea.

Kumbe waliofungua ukurasa ule ni watu thelathini na saba. Mbaabu akasema tutawatumia meseji kwamba ukurasa "umeboreshwa". Nikasema kuboreshwa ni kitu kingine, sema ulikosewa. Akasema wiki ijayo tuna wageni wa kutazama programu, kwa nini nitafute moto? Nikasema moto ulishaunguza boma la mtu, na nitakwenda kumwambia. Tukatazamana. Akasema nikienda Ruiri niende kama Wambeti, si kama kampuni. Akatoka. Mlango hakuubamiza, aliuvuta taratibu. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Hinda alichapisha orodha ya namba zao za simu, akaikata katikati kwa mkasi, akanipa nusu.

Tumepiga simu hadi saa kumi na moja. Tumekosea, usitumie, ni lita kumi. Wengi walikuwa hawajachanganya bado. Mmoja alinitukana kwa Kimeru, nikaelewa kila neno. Wa mwisho alikuwa Salesio. Sikuweza kumwambia kwa simu. Nimesema nitakuja kesho. Akauliza kuna nini, nikasema ni habari ya ile dawa. "Karibu," akasema. Tu.

Jumamosi, 13 Mei — Ruiri
Naandika kwenye benchi, nje ya nyumba ya Salesio. Hinda amekuja nami, sikumwomba. Anazunguka tu, haketi.

Mzee ametupokea vizuri. Ng'ombe wa pili amepona ila maziwa yamepungua, ametuonyesha. Pale alipozikwa mtamba majani yameanza kuota. Ameongea mwenyewe bila kuulizwa. Tangu siku ile Kiende hashiki simu tena, wala dawa yoyote. Hata ya mtoto ya kikohozi husomewa na jirani. "Nilimkataza. Atatumaliza," alisema. Kanisani pia watu wameshajua. Kiende alikuwa katibu wa akina mama. Sasa si yeye.

Nimefungua daftari, nikalifunga.

Halafu amesikia Hinda akiniita Mwalimu. Uso wake ukafunguka. "Kumbe madam ni mwalimu! Mmekuja kumfundisha kusoma?"

Nimesema hapana. Nimesema amwite, nina neno la kuwaambia wakiwa pamoja. Amekwenda kumtafuta kwenye viazi.

Nimejaribu sentensi ya kwanza mara sita. "Kulikuwa na hitilafu" — hapana, hitilafu haina mwenyewe. "Ukurasa ulikosewa" — na nani? Hinda anasema niseme tu. Rahisi kwake. Nikisema, Jumatatu huenda sina kazi. Nisiposema, nitarudije Makutano, nifungue kompyuta, niandike "sawa" chini ya kitu chochote?

Wanakuja. Salesio mbele, bibi yake nyuma, hatua kumi nzima kati yao. Kiende ana jembe begani. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Anaangalia chini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini na hajui kosa lake.

Nitaanza na yeye, si na mzee. Mama Kathure, wewe ulisoma vizuri —