Zamu Yangu ya Kuomba

Saa tatu asubuhi Hersi alimaliza dua ya kufungua mkutano, na bosi akanigeukia: "Haya Mbugua, sasa upande wa Wakristo."

Hamdia rafiki yangu, unajua huwa nachelewa kusudi sehemu hiyo inipite. Leo niliwahi.

Nikasema, "Mimi siombi."

Hayo tu. Mimi siombi.

Hersi akainuka, akanikumbatia mbele ya idara nzima ya maji. "Mashallah! Ndugu yangu, umesilimu lini na hukuniambia?" Watu wakapiga makofi. Nyawira, Mkristo wa ofisini kwetu, hakupiga.

Nikamwambia, "Hersi, sijasilimu. Siamini kwamba Mungu yupo."

Mikono yake ilikuwa bado mabegani mwangu. Akaiondoa polepole.

Bosi akacheka peke yake: "Huyu hajakunywa chai." Nyawira akaomba badala yangu, na katika maombi akanitaja kwa jina.

Kisha nikatoa ripoti ya visima vya Merti. Hakuna aliyeuliza swali.

Sijui nahisi nini. Nakupa tu yaliyotokea.

Nyawira anaimba kwaya moja na mama. Miaka yote hii ni mama peke yake niliyekuwa nikimficha hili, wengine wangejua wakitaka.

Mama amenipigia sasa hivi kutoka dukani kwake. Hakupandisha sauti.

"Nyawira amenieleza. Mwanangu, si useme tu umesilimu? Hiyo naweza kuizoea."

Nikamwambia si kweli, mama.

Nikasikia mteja akiitisha sukari. Mama akamwambia asubiri.

"Sema tu, Mbugua."

Sikusema. Akakata simu.