Bruda Aliyemchimbia Baba Kaburi

Mjukuu wangu Kokugonza,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Kihanga. Tunachuma kahawa, na mguu wa mama yako umepona.

Umeniuliza neno bruda lilitoka wapi. Bruda ni mtawa asiye padri. Neno lilikuja na wamisionari kutoka kwao Ulaya, na maana yake ni ndugu. Mimi nililijua siku tuliyomzika baba yangu, wakati wa Mwingereza.

Alikufa kwa tauni. Kwetu kaburi lilichimbwa kibanjani, kwenye migomba, na jembe la kwanza lilipigwa na ndugu wa marehemu. Ndugu zake walikuja wakasimama kule njiani, hata kutusalimia wakaogopa. Mpaka leo nikiwakumbuka nakasirika.

Ndipo akaja bruda wa misheni, Mzungu fundi wa kujenga, jembe begani, akiwa na katekista. Mama akamzuia.

"Huyu ni nani wa marehemu?"

"Ni bruda, mama," katekista akajibu. "Maana yake ndugu."

Mama akamtazama sana, kisha akampisha. Bruda alichimba, akamshusha baba kwa mikono yake mwenyewe.

Haukupita muda, tauni ikamchukua na yeye. Mama alijifunga kitambaa cha msiba, akanishika mkono tukaenda misheni. Padri hakumfahamu, akamwuliza yeye ni nani wa marehemu.

Mama akasema, "Nimekuja kumzika shemeji yangu."

Ni mimi bibi yako