Klachi Mbili, Pedali Hakuna

Mke wangu, Mama Neema,

Jua kwamba Tunduma nzima hakuna mzee anayeliweza gari la klachi mbili kama mimi. Nililizoea siku ileile lilipofika. Hata madereva wa malori wananipisha wenyewe.

Haya, acha kucheka huko uliko. Wananipisha kwa kuniogopa. Nina wiki ya pili nalo, na bado mimi mwenyewe naliogopa.

Gari ni la mwanao. Kalinunua kwa kazi yake ya hapo mpakani. Aliposema lina klachi mbili niliinama kuzitafuta, nikapapasa mpaka kofia ikadondoka. Hata moja sikuiona! Kuna breki na mafuta, basi.

"Baba, ziko ndani huko," Neema akasema. "Moja ikishika gia, mwenzake anakaa tayari na gia inayofuata."

Nikamwambia hiyo sasa ni nyumba ya wake wawili, amani itatoka wapi? Usinune. Ulinikubali hivihivi.

Tabu yangu ni mguu wa kushoto. Umenyimwa kazi, nao unajitafutia. Juzi pale njia panda ya Mpemba ulikanyaga breki ukidhani ni klachi, Neema nusura abusu kioo. Tukasimama kwenye kilima. Kuachia breki, gari likarudi nyuma kidogo, kama linajiuliza kwanza ndipo lishike. Nyuma yangu kuna lori la Mzambia. Dereva akatoa kichwa dirishani: "Bashikulu! Babu! Mbona unakuja kwangu?"

"Liachie tu, Baba, litashika lenyewe."

Lenyewe! Letu liliachiwa lenyewe mara moja tu, na wewe unajua yaliyotokea.

Unaikumbuka ile pikapu? Gia ya tatu ilikuwa inachomoka kila tukiteremka, gari linabaki fri. Fundi alishindwa, wewe ukaweza. Ulizungusha kitenge kwenye mkono wa gia, ukaukumbatia kwa mikono miwili toka kwenu Ileje mpaka tambarare. Mimi nakanyaga klachi, naita "Tatu!", wewe unavuta. Nikitaka kukusaidia unanifokea: "Wewe shika usukani wako, hii ni yangu."

Hadi siku ile ya viazi. Umechoka na kupakia, ukasinzia katikati ya mteremko. Gia ikachomoka. Nikapiga kelele, ukashtuka, na badala ya kushika gia ukashika goti langu, ukalivuta kwa nguvu zote kama ndiyo tatu! Tulisimamishwa na ukingo wa udongo. Viazi vilituzidi mbio, vikafika bondeni kabla yetu. Ulicheka mpaka ukakaa chini barabarani. Halafu ukaacha kucheka, ukanishika bega, ukasema, "Kipande hiki nimekulalia, Baba Neema. Nitakulipa."

Sasa sikia kinachoninyima usingizi. Mama yako macho yamefunga kwa mtoto wa jicho. Hospitali wamempangia kupasuliwa kesho kutwa, kwa hiyo kesho lazima ateremshwe kutoka Ileje. Neema kazini hawampi ruhusa. Tulitaka kukodi gari, bibi akakataa katakata: "Sipandi gari la mtu nisiyemjua. Mkwe wangu yupo." Amenisifu kijiji kizima, eti nimeteremka mlima ule miaka yote bila kumwaga hata yai. Viazi hukumsimulia, nakushukuru.

Sijui nimwambieje kwamba mkwe wake huyo siku hizi anakanyaga godoro usingizini akitafuta klachi. Neema ananionyesha kila jioni: mguu wa kushoto ukunje, uweke chini ya kiti, usahau kama unao. Nausahau vizuri sana gari likiwa limezimwa. Lakini mlima ule naujua. Pale penye ukingo lazima usimame umpishe anayepanda, kisha uondoke taratibu, na ndipo gari hili linapojiuliza, likiserereka fri kidogo kabla gia haijashika. Nikichanganya miguu, nyuma nimembeba aliyekuzaa, naye hata pa kushika hapaoni.

Kwa hiyo, mke wangu, nadai. Sijawahi kukudai tangu siku ya viazi, hata ulipokuwa kitandani siku zako za mwisho sikukukumbusha. Mama yako nitamkalisha nyuma, nimfunge mkanda. Kiti cha kushoto nakiacha wazi. Tukifika pale uliponilalia, nilipe kipande changu.

Kitenge usije nacho. Gia hii haichomoki. Unaochomoka ni mguu wangu. Wewe shika goti tu, lile la kushoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema