Ulivyosimama Tuli Kwenye Fainali

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka la Mama,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Kabla hata sijakujulia hali, niruhusu nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi siimbi kwaya. Mama anapodhani niko mazoezini kuimba, niko kwenye uwanja wa baiskeli, ule ule ulikoanzia wewe.

Haya, nimelisema. Sasa shikamoo. U mzima? Mtulinga ule wa begani uliovunjika bado unakusumbua kukiwa na baridi? Sisi hatujambo. Shuleni tunafundishwa kuandika barua kwa ile lugha nyingine, lakini nikijaribu kukwambia haya kwa lugha hiyo yanakuwa kama taarifa ya mkutano.

Habari zako nilizijua kwa kusimuliwa tu: ulivyokuwa ukisambaza mikate kwa baiskeli, ikifika bado ya moto, ulivyoacha chuo cha uuguzi ukashindane, Baba akanuna hadi leo, ulivyoanguka, ukarudi, ukawa bingwa mara tatu.

Fainali yako ya nne tuliitazama hapa dukani, katikati ya vitambaa. Ulipopanda juu ya ule mteremko wa mbao ukingoni mwa uwanja ukasimama tuli, mguu haugusi chini! Mpinzani wako naye kasimama, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie, amkatie upepo. Watu wakachachamaa.

“Kanyaga, dada! Au mnyororo umekatika?” akafoka kinyozi wa jirani.

“Mwache wifi yangu,” Mama akamjibu huku anakata uzi. “Mapaja yale nimeyashonea magauni mawili, yote yakapasuka. Huo mnyororo ndio unaoogopa.”

Wakati wakicheka, nikasikia sauti ndogo nyuma yangu. Baba alikuwa mlangoni, yeye anayesema mchezo wako ni kuzunguka bila kufika. Ananong'ona, “Usitangulie, mdogo wangu. Usitangulie.”

Hukutangulia. Mimi nimezoea kuambiwa mtu akinyamaza basi kapumbaa. Wewe ulinyamaza mbele ya uwanja mzima, na mwenzako ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akachomoka. Ukashuka kutoka kule juu kama kitu kilichoachiwa, ukampita kabla sijafumba mdomo. Nilipogeuka, Baba hayupo.

Shangazi, mimi siku ya kwanza nilisahau kwamba baiskeli zenu hazina breki na pedali hazipumziki. Nikaacha kukanyaga nivute pumzi. Ikanirusha kama gunia la viazi. Kocha alicheka hadi akaketi. Sasa anataka nihamie bweni la timu mwezi ujao, ila lazima Baba akubali. Sijathubutu kumwomba. Jibu la hapana naweza kulimeza. Ninachoogopa ni asije akaninunia mimi miaka yote hiyo, kama alivyokununia wewe.

Wabusu wanao pacha. Bibi anakusalimu sana. Anawatangazia majirani kwamba miguu hiyo umeirithi kwake. Mungu akushike kila unapoinamia usukani.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kimya (ndivyo kocha anavyoniita)

Shangazi, nasikia viatu vya Baba vinakuja. Kwa kawaida karatasi ingekuwa chini ya godoro tayari. Leo naiacha mezani.

Ameingia. Ameisoma yote amesimama, mara mbili. Amevuta kiti. Ameomba kalamu.

*Mdogo wangu, ni mimi kaka yako. Mtoto wa kukimbiza baiskeli hulishwa nini?*