Kwa Dinah Wakesho, Aliyenyamazisha Pete kwa Mwanga

Dinah, mwaka umezunguka tangu tukulaze kaburini kule Ndara, na nyumba hii bado haijajua kutulia.

Tunakumbuka ulivyorudi likizo na kile kipande cha silikoni, chembamba kama ukucha, kimejaa pete za dhahabu ambazo jicho halizioni, kila moja ina mwanya wake.

"Mama, mawimbi ya terahezi, ndugu wa mawimbi ya redio, yakipita, pete hizi zinavuma," ulieleza huku ukipukuchua mahindi. "Nikimulika, silikoni inapitisha umeme, mwanya unazibika, pete zinanyamaza. Nikizima, zinavuma tena."

"Pete zote hizo, na hakuna hata moja ya kuolewa?" mama akauliza.

Ulicheka mpaka ukamwaga mahindi.

Ulifundisha watoto wa jirani hesabu bila kuombwa. Ulikataa kuitwa Daktari hapa nyumbani. Na kila sampuli uliipima mara mbili, ila ile ya saba. Daftari lako linasema: "Haiitikii mwanga. Nirudie." Ugonjwa haukukupa nafasi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wako Nthenya alikuja Voi kutusalimu. Akasema tasnifu yake imekamilika, na ameandika humo kwamba muundo wako ulishindwa. Mpwa wako Noah akaacha chakula, akakiri. Agosti ile ulipompeleka maabara, siku ya kupima sampuli ya saba, alibandika tepu nyeusi ya fundi wa umeme kwenye njia ya mwanga, akitarajia utaigundua ndani ya dakika tano. Hukuigundua. Jioni aliibandua, akairudisha mfukoni. Alipanga kukuambia likizo ya Desemba. Oktoba akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akapewa habari zako.

"Wewe kijana!" Nthenya akasema. "Nimeilaumu hiyo sampuli mwaka mzima!"

"Najua, dada. Ipime tena, tafadhali."

Siku tatu hakuna aliyekaa mahali pamoja. Noah alifagia uwanja mara nne, na hakuna aliyemtuma. Alhamisi Nthenya akapiga simu: "Zimenyamaza! Nimezima mwanga, zinavuma!" Mama alilia kwanza, kisha akauliza kama umeandikwa jina. Umeandikwa.

Nthenya ameandika pia kwamba kipimo cha kwanza kilizuiwa na "kizuizi kwenye njia ya mwanga". Noah aliomba jina lake lisitajwe, na Nthenya, kwa huruma yake, akakubali. Familia haikukubali.

Unakumbukwa na mama yako Elsie, kaka yako Crispus, wifi yako Alice, na mtoto wao Noah, kizuizi kwenye njia ya mwanga.

Dinah, hutatutoka moyoni kamwe.