Kikopo Kisichopungua

Mwanangu kipenzi,

Cherehani yangu bado inanguruma. Mapazia yamepauka, asubuhi inaingia chumbani na rangi ya maziwa.

Dawa za moyo ulizotutumia zipo. Unajua mimi na baba yako tunameza zilezile, kila mtu na kikopo chake. Changu kilinishangaza: nameza kila siku, hakipungui. Nikaanza kuamini malaika wananijazia, nikawa natembea kama ninaelea.

Juzi baba yako alianguka bafuni. Usishtuke, yuko hapa ananibishia kama kawaida. Daktari alimuuliza kama anameza dawa. Mzee akaniangalia.

“Zangu namwekea huyu kwenye kikopo chake,” akasema. “Akiondoka yeye, mimi nitaishije?”

Nilicheka, mwanangu, kisha nikamfokea mpaka nesi akaja mbio. Yaani ananigawia miaka yake bila kuniuliza nitakaa nayo na nani!

Sasa tunameza pamoja, tumekaa kitandani uso kwa uso.

“Panua mdomo nione,” namwambia.

Anapanua. Halafu ananisubiri nami nipanue.

Mama yako