Uma wa Baiskeli ya Mama Tabitha

Mikumi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kukusumbua na mvua za huko Maswa zimewaachia chochote shambani. Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo Shija akusomee taratibu.

Nimesikia habari iliyofika huko, kwamba baiskeli ya Kabula imeua mjamzito Kilosa. Baba, hakuna aliyekufa. Lakini ilibaki kidogo, na kosa lilikuwa langu. Nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unazijua baiskeli ninazotengeneza. Huku masika, tope jeusi linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, mtu anaishia kuibeba baiskeli begani. Mimi natanua fremu kwa nyuma, natengeneza uma mpana wa gurudumu la mbele kwa bomba la chuma, navalisha matairi manene, naacha nafasi ya vidole vinne chini ya madigadi. Tope linapita.

Mama Tabitha, mhudumu wa afya kule Kisanga, alichukua yake Jumatatu. Jumatano nikawa najaribu nyingine, ya mfugaji anayeuza maziwa, uma wake umetoka kwenye bomba lilelile. Nilipakia gunia la mahindi, nikateremka nalo nyuma ya karakana. Uma ukakatika, nikaanguka kifudifudi. Nilipolipasua bomba kwa msumeno, ndani lilikuwa limeliwa na kutu, limebaki jembamba kama ganda la yai.

Hapa ndipo ninapoona aibu. Siku ya kulikata niliiona kutu kwenye ncha. Nikaondoa ile ncha, nikajiambia kwingine kuzima, kwa sababu wateja walikuwa wananisukuma. Wewe usingefanya hivyo.

Nikampigia Mama Tabitha, hapatikani. Fundi mwenzangu Elia akaniambia, "Nyamaza, Kabula. Ukivunjika, sema njia mbovu. Nani atapasua bomba?"

Nikaita bodaboda.

Kisanga nilimkuta binti yake. "Mama kapanda mlimani tangu asubuhi, kuna mtu ameshikwa na uchungu."

Pikipiki ilikwama kwenye utelezi wa kwanza. Nikamwomba dereva anisubiri, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Kila kona nilitegemea kukuta baiskeli imelala njiani na watu wameizunguka.

Halafu nikawaona wanashuka. Mama Tabitha kashika usukani, anaikokota. Kwenye keria amekaa Rehema, mimba yake ya kwanza, ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

"Mama Tabitha, simama! Mshushe!"

"Nimshushe wapi, mwanangu? Huoni hali yake?"

"Uma ni mbovu. Utakatika."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilitumia bomba lenye kutu."

Akaikaza breki. Rehema ndiye aliyeanza kulia. "Sasa mnataka nizalie kwenye tope?"

Nikainama, nikafuta uma kwa kiganja. Pale nilipochomelea palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Tukamshusha. Alitembea katikati yetu, uchungu ukija anatuning'inia mabegani. Tulipofika bondeni miguu ikamwisha nguvu kabisa. Tukachana kanga ya Mama Tabitha, tukafunga fimbo mbili kwenye uma, Rehema akapanda tena. Mimi nikatembea mbele, nimeinua usukani ili uzito usilale kwenye gurudumu lile, Mama Tabitha akisukuma nyuma.

Tulikuwa tunamwona dereva wa pikipiki, hatua chache tu, nilipoteleza. Uzito ukarudi wote mbele. Ule mlio, baba, niliutambua kabla sijaona kitu. Nikaingiza mkono chini ya fremu. Mama Tabitha alimdaka Rehema kiunoni, wakakaa chini wote wawili, salama. Mkono wangu ndio uliobaki chini ya chuma.

Pikipiki ilimfikisha Rehema zahanati, akajifungua mchana uleule, mtoto wa kike. Nilikuwa benchi la nje, mkono umefungwa kipande cha kanga. Niliposikia kile kilio kichanga, nililia mpaka watu wakadhani nimefiwa.

Mume wa Rehema hajibu salamu yangu, na simlaumu. Nimewaita wateja wote walete baiskeli nizikague. Wengine wamezileta, wengine wanasema hawataki tena kuiona karakana yangu.

Jana Mama Tabitha alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja, akakaa juu ya debe. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatisha.

"Hayo umeshasema. Masika bado, na wajawazito wako kule juu. Nataka uma mwingine."

Nikamwonyesha plasta.

"Macho si unayo? Mwenzako atachomelea, wewe utasimamia. Na kila bomba, mimi nachungulia ndani kwanza."

Elia akaleta mabomba, hakuthubutu kuinua uso. Mama Tabitha akayaelekeza juani moja moja. Matatu aliyakataa. La nne alilichungulia huku na huku, akanipa na mimi nichungulie, ndipo akasema, "Kata."

Nisalimie mama mdogo anayekupikia, na mdogo wangu Shija anayekusomea. Na shangazi Mbuke, aliyeanza matanga kabla ya msiba, mwambie mtoto ananyonya vizuri.

Mimi binti yako uliyemfundisha kazi,
Kabula